Nilivyofanikiwa kufundisha kazi ya John Charnley kwa chupa ya soda

Somo la nyonga bandia mara nyingi huanza na tarehe za John Charnley, daktari mpasuaji Mwingereza aliyeibuni: kuzaliwa Bury, Lancashire, 1911, udaktari Manchester 1935, jeshini Misri wakati wa vita, nyonga Wrightington, karibu na mji wa Wigan, kupewa cheo cha Sir 1977, kufariki 1982. Nilianza hivyo hivyo. Wauguzi wangu wa chumba cha upasuaji wakanakili yote, lakini nilipouliza kwa nini kichwa cha nyonga bandia yake, yaani tufe la juu ya mfupa wa paja, kina upana wa milimita 22 tu, wakati cha mfupa wetu ni kikubwa takriban mara mbili, kila mtu kimya. Nikalipanga somo upya kwa kufuata mambo yaliyomharibikia, moja baada ya jingine.

La kwanza ni mlio. Mgonjwa aliyekuwa na kichwa cha akriliki, plastiki ngumu, kile cha madaktari ndugu akina Judet wa Paris, nyonga yake ilikuwa inalia kila akijisogeza. Charnley aliuchukulia mlio ule kama dalili: msuguano ni mkubwa, na msuguano huo utalegeza kifaa kwenye mfupa. Alipopima akaona hakuna kinachoteleza kama gegedu (utando telezi wa ncha za mifupa) juu ya gegedu, na kwamba ute wa mwili hautaokoa chuma kinachosugua plastiki. Ilibidi nyenzo yenyewe iwe telezi. Akachagua Teflon, plastiki telezi ileile ya vikaango, iwe kikombe ambamo kichwa cha chuma huzunguka.

Hapa ndipo ninapotoa chupa ya soda. Mwanafunzi mmoja anashika tumbo la chupa, mwingine anaizungusha. Kisha ashike shingo, kwa mkamato uleule. Kiganja ndicho kikombe, chupa ndiyo kichwa cha nyonga. Kwenye tumbo mkono unavutwa. Kwenye shingo chupa inazunguka na mkono umetulia. Ndiyo sababu ya milimita 22.225, yaani inchi 7/8 kamili: kikombe kisivutwe hadi kulegea, na kiwe na ukuta mnene. Gharama yake ni kwamba kichwa kidogo huchomoka kirahisi zaidi, kwa hiyo mkao wa kikombe na kukaza misuli ya pembeni ya nyonga havina msamaha.

Kisha Teflon ikamwangusha. Wagonjwa kama 300 walikuwa wameshawekewa. Ndani ya miaka michache kichwa kilikuwa kinachimba kikombe, chembe zinasambaa, na mwili unazizungushia uvimbe kama jibini huku mfupa ukiliwa. Alijiwekea mwenyewe vipande pajani ili aone mwili unavyoitikia, na wagonjwa wakafunguliwa tena. Mimi hukaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, kwa sababu mwanafunzi asiyeielewa hatua hii ataamini kila kifaa kipya kinachong'aa.

Mwaka 1962 muuzaji alileta plastiki ya magurudumu ya mashine za kufumia nguo, poliethilini ya molekuli nzito. Charnley aliikwaruza kwa ukucha akaidharau. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, akaiweka kwenye mashine ya majaribio hata hivyo. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja. Novemba mwaka huo ikaanza kuwekwa kwa wagonjwa.

Saruji ya mfupa, inayoshikilia kifaa ndani ya mfupa, naifundisha kwa mikono. Pakiti ya kawaida ni gramu 40 za unga na mililita 20 za kimiminika chake maalumu. Haigandishi kama gundi. Hujaza vinyweleo vya mfupa kama lipu inavyoingia kwenye tofali, kwa hiyo mfereji wa mfupa uoshwe na ukaushwe damu kwanza. Chumba kikiwa na joto saruji huwahi kukaza, nanyi mtabaki na shina, yaani mguu wa chuma unaobeba kichwa, limekwama nusu mferejini. Pima joto la chumba kabla ya kufungua pakiti, saa iwe ukutani, na mtu wa usingizi aambiwe kabla haijasukumwa ndani, maana shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.

Usaha nao: mwanzoni uliwapata karibu wagonjwa 7 kwa kila 100 waliopasuliwa. Kwa hewa iliyochujwa ndani ya kibanda na mavazi yanayonyonya pumzi za wapasuaji, ukashuka chini ya 1. Hili naligusa tu, vifaa vyetu ni vingine.

Swali la mtihani ni picha ya X-ray. Plastiki haionekani, ila kikombe chake kina waya wa alama. Pima kutoka kichwani hadi kwenye waya upande unaobeba uzito, palipo pembamba, tuseme milimita 6. Kisha upande wa chini, palipo papana, 9. Toa, gawa kwa mbili: 1.5. Sasa pima kichwa chenyewe kwenye picha. Kikisoma 26.7 badala ya 22.225, picha imekuza mara 1.2, hivyo kikombe kimelika milimita 1.25. Anayesahau kurekebisha ukuzaji hurudia hesabu mbele yangu, na chupa mkononi.