Akiondoka, nani atainunua hisa yake?

Mwenye kampuni akishaamua kuwagawia wafanyakazi umiliki, jambo la kwanza analomuuliza wakili huwa ni asilimia. Atoe tano? Kumi? Hapo wanabishana wiki mbili nzima. Kuna swali linalostahili hizo wiki mbili kuliko hilo: mfanyakazi akiacha kazi, hisa zake atamuuzia nani, kwa bei gani, na pesa zitoke wapi? Mpango usiojibu hayo ni karatasi tu, na wafanyakazi huling'amua hilo kabla ya bosi.

Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa haina taabu kubwa. Mfanyakazi anampigia dalali simu, hisa zinauzwa. Soko halimhakikishii bei, ni kweli: hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, na mapema mwaka uliofuata zilikuwa chini ya 3. Lakini hata aliyeuza kwa hasara alitoka na pesa mkononi. Kampuni binafsi haina dalali wala soko. Mwanachama wa SACCO anaielewa shida hii bila kufundishwa: ukijitoa unarudishiwa akiba, ila hisa hazirudishwi mpaka apatikane mwanachama mwenzako wa kuzichukua.

Tuchukue kiwanda cha mikate cha kubuni, kiwe Kenya. Kina wafanyakazi 40, kinaoka mikate 8,000 kwa siku, na faida yake baada ya kodi, kwa wastani wa miaka mitatu, ni shilingi milioni 12. Kampuni ina hisa 1,000,000. Wenye kampuni wanakubaliana thamani yake ihesabiwe kuwa mara tano ya wastani huo wa faida, yaani milioni 60, kwa hiyo hisa moja ni shilingi 60. Wanatenga hisa 100,000, asilimia kumi, na kuziweka chini ya wadhamini, yaani watu wachache wanaozishika kwa niaba ya wafanyakazi, badala ya kumwandikisha kila mtu kwenye daftari la wanahisa. Sheria yenyewe haiwalazimishi. Kenya na Tanzania zote zinaweka kikomo cha wanachama 50 kwa kampuni binafsi, lakini wafanyakazi hawahesabiwi humo. Sababu ya kutumia wadhamini ni ya kawaida zaidi: hutaki kuwatafuta watu 40 waliotawanyika kila azimio linapohitaji saini, na hutaki hisa za kiwanda ziwe dhamana ya mkopo wa mtu mtaani.

Katika hizo 100,000, usizitoe zote mara moja. Awamu ya kwanza itoe 60,000, zinazobaki zisubiri watakaoajiriwa baadaye. Nusu ya awamu, 30,000, igawanywe sawa kwa sawa: kila mtu 750. Nusu ya pili ifuate miaka ya utumishi. Ikiwa wote 40 kwa pamoja wana miaka 200, kila mwaka una hisa 150. Mwokaji mwenye miaka 11 anapata 750 na 1,650, jumla 2,400. Mfagizi mwenye miaka 11 naye anapata 2,400, na mhasibu vilevile. Wako watakaonung'unika, hasa ofisini. Mimi sioni ubaya, kwa sababu mshahara tayari unawatenganisha. Hisa zikifuata mshahara, umewalipa walio juu mara mbili na kuuita ukarimu.

Kisha hisa ziachwe ziive, yaani ziwe mali ya mfanyakazi kidogo kidogo kadiri anavyokaa kazini. Miezi 48 ni kipimo kizuri. Anayeondoka kabla ya miezi 12 hapati kitu, na anayevuka hapo anahesabiwa kila mwezi. Yule mwokaji zinaiva hisa 50 kwa mwezi. Akiondoka mwezi wa 30 ana 1,500, nazo kwa bei ya 60 ni shilingi 90,000. Zile 900 ambazo hazijaiva zinarudi kwa wadhamini. Wapo wanaoweka miaka saba au kumi wakidhani wananunua uaminifu. Wanachonunua ni mtu anayehesabu siku. Anakuja, anakaa, hagusi kitu, kwa kuwa akiondoka sasa atapoteza. Hizo ni pingu, na wenzake wanamwona kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye pesa za kununulia, maana hapa ndipo mipango mingi inapozama. Tuseme wanaondoka watu watano kwa mwaka, kila mmoja akiwa na wastani wa hisa 1,500 zilizoiva. Hiyo ni 450,000 kwa mwaka, chini ya asilimia 4 ya faida. Inabebeka, ikitengwa kila robo mwaka kwenye akaunti yake yenyewe isiyolipa unga wala dizeli. Hatari ni kwamba bei haitulii na watu hawaondoki kwa zamu. Biashara ikistawi hisa ikafika 90, na wazee kumi walioanza na kiwanda wakastaafu ndani ya miaka miwili, unadaiwa 10 × 2,400 × 90, yaani 2,160,000. Hakuna aliyekosea, na bado akaunti haitoshi. Basi kabla ya kugawa hisa hata moja, andika umri wa kila mfanyakazi na mwaka atakaostaafu, uone mafuriko yako yatafika lini.

Marekani wamelizoea deni hili kiasi cha kulitungia sheria. Mipango yao ya hisa za wafanyakazi inasimama juu ya sheria ya pensheni ya 1974. Kampuni ambayo hisa zake haziuzwi sokoni inalazimika kuzinunua mwenye nazo akitaka kuziuza, na bei yake inakadiriwa kila mwaka na mthamini asiye mtu wa kampuni. Anayestaafu au kufa, malipo yanaanza mwaka unaofuata. Anayeacha kazi kwa sababu nyingine anaweza kusubirishwa miaka mitano kabla ya kuanza kulipwa, kisha akalipwa kwa awamu. Mtu akifikisha miaka 55, akiwa ameshiriki miaka 10, ana haki ya kuhamisha sehemu ya thamani yake kwenda kwenye uwekezaji mwingine asizeeke na yai moja kapuni.

Kiwanda chetu kinaweza kujiwekea masharti mepesi zaidi: deni lisilozidi 50,000 lilipwe ndani ya siku 30; linalozidi lilipwe kwa awamu za robo mwaka ndani ya miaka mitatu, pamoja na riba; jumla ya malipo ya mwaka isizidi asilimia 10 ya faida ya mwaka uliotangulia, na ikizidi watu wafuate foleni kwa tarehe ya kuondoka. Bila kikomo hicho, mwaka mbaya mmoja unatosha kuanzisha mbio. Wenye kusikia fununu wanaacha kazi kwanza wakalipwe, na waliovumilia wanakuta akaunti tupu. Yaani mpango unamwadhibu yule yule mwaminifu.

Bei nayo ina mitego. Wastani wa miaka mitatu unazuia mtu kuvizia mwaka mnono ili aondoke. Hauzuii meneja kuahirisha matengenezo ya oveni ili faida ivimbe. Kila mwaka wa tatu mthamini wa nje aipitie hesabu, na kanuni iwe na sakafu: faida ikiwa sifuri au hasara, hisa ihesabiwe kwa mali za kampuni ukitoa madeni yake. Ukizidisha faida iliyokwisha kutolewa riba, usiliondoe deni la benki tena. Utakuwa umemkata mfanyakazi mara mbili. Hilo kosa liko kila mahali.

Kodi ndiyo inayomshangaza mfanyakazi kuliko vyote. Hisa za bure ni kipato cha ajira. Mwokaji wetu zinamwiva 600 kwa mwaka, thamani 36,000. Ikiangukia kwenye kiwango cha asilimia 30, anadaiwa 10,800 za pesa taslimu kwa kitu ambacho bado hawezi kukiuza. Mpango uliosajiliwa rasmi Kenya una nafuu: kipato kinahesabiwa hisa zikishaiva, lakini kwa tofauti kati ya bei ya soko na bei aliyouziwa mfanyakazi, kama ilivyokuwa siku aliyopewa haki ya kupata hisa, si kwa bei iliyopanda baadaye. Mwaka 2023 Bunge likaongeza ahueni kwa kampuni changa, zisizozidi miaka mitano na zenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Kwa hisa zilizotolewa badala ya malipo ya fedha, kodi inaahirishwa hadi miaka mitano ipite, au mfanyakazi auze, au aache kazi, lipi litangulie. Kiwanda chetu hakipenyi hapo: mikate 8,000 kwa shilingi 55, siku 300, ni mauzo ya milioni 132. Na tazama tena sharti la mwisho. Akiacha kazi, kodi inaiva hapo hapo. Kama hakuna mnunuzi, anatoka langoni na karatasi mkono mmoja na deni la serikali mkono wa pili.

Ndiyo maana kwa biashara ndogo napendelea hisa za kivuli. Mfanyakazi haandikwi popote kuwa mwanahisa. Anapewa mkataba unaosema atalipwa pesa sawa na thamani ya hisa 2,400 akiondoka, na gawio, yaani mgawo wa faida kwa wanahisa, likitangazwa atalipwa kama bonasi kiasi ambacho hisa hizo zingepata. Kodi inakatwa siku pesa zinapolipwa, kama mshahara. Anachokosa ni kura, na hilo si dogo. Kama unampa kivuli, mpe pia kiti kimoja au viwili kwenye bodi, vya kuchaguliwa na wafanyakazi wenyewe.

Waingereza wana njia inayolikwepa kabisa swali la kuuza. Katika John Lewis, kampuni ya maduka, hakuna mfanyakazi mwenye hisa yake binafsi; amana iliyoanza 1929 na kukamilishwa 1950 inamiliki kampuni kwa niaba ya wote, na anayeondoka haachi deni la kununuliwa. Wanachogawana ni bonasi, asilimia ile ile ya mshahara kwa kila mtu, kuanzia mpanga rafu hadi mwenyekiti. Mwaka 2008 ilikuwa 20. Mwaka 2021 haikutolewa, mara ya kwanza tangu 1953. Umiliki wa amana haumfukuzi mteja wala kumleta, na kampuni ikiyumba wote hukosa.

Mfano mchungu ni United Airlines, shirika la ndege la Marekani. Mwaka 1994 wafanyakazi walichukua asilimia 55 ya shirika, wakilipia kwa kukubali mishahara kupunguzwa na masharti ya kazi kulegezwa. Wahudumu wa ndani ya ndege hawakuingia. Hisa zilikaa ndani ya mfuko hadi mtu aondoke au astaafu. Ugawaji wa hisa ulikoma mwaka 2000, na kiangazi hicho hicho marubani, wakigombania mkataba mpya, walikataa kazi za ziada na safari zikafutwa kwa wingi. Desemba 2002 shirika likaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Waliokatwa mshahara miaka ile walikuwa wamelipa pesa halisi kwa kitu walichokatazwa kukiuza kilipokuwa na bei. Kwangu mimi, kubadilishana mshahara na hisa ni kosa lisilo na dawa. Hisa ziongezwe juu ya mshahara na NSSF, zisikae mahali pake.

Utamaduni basi? Huo hauji na cheti. Unakuja na namba ambayo mtu anaweza kuigusa. Kwenye kiwanda cha mikate namba hiyo ni mikate inayorudi: ile ambayo maduka hayakuuza, gari linairejesha jioni. Andika ubaoni karibu na mlango wa kupakilia: leo imetoka 8,000, imerudi 400. Asilimia 5. Kila asilimia moja ikipungua ni mikate 80, kwa 55 ni shilingi 4,400 kwa siku, 1,320,000 kwa siku 300, ukiacha kando vijisenti vya kuwauzia wafugaji mabaki. Baada ya kodi ya asilimia 30 inabaki 924,000. Mara tano, gawanya kwa hisa milioni, ni shilingi 4.62 kwa hisa. Mwokaji mwenye hisa 2,400 ameongeza zaidi ya 11,000, ingawa wastani wa miaka mitatu utachelewesha kuionyesha yote. Hesabu hiyo ifanywe mbele ya watu, kwa Kiswahili, na dereva aulizwe maduka gani yanarudisha zaidi. Mara nyingi tatizo si mkate. Ni karani wa oda anayejaza idadi ile ile ya Jumatatu siku ya Ijumaa.

Vifungu viwili vya mwisho huandikwa vibaya karibu kila mara. Cha kwanza ni cha anayefukuzwa. Mkataba ukisema aliyefukuzwa kazi hupoteza hisa zote, umempa meneja sababu ya kumfukuza mtu mwezi wa 47. Andika kwamba anapoteza zilizoiva kwa wizi au ulaghai tu, uliothibitishwa baada ya kusikilizwa. Kwa mengine yote anaondoka na zilizoiva. Akifa kazini, zote zihesabiwe kuwa zimeiva siku hiyo, na warithi walipwe kabla ya foleni.

Cha pili ni cha mwekezaji. Akija na mtaji, kampuni ikatoa hisa mpya 250,000, zile 100,000 za wafanyakazi zinashuka kutoka asilimia 10 hadi 8. Hilo linaweza kuwa haki kabisa, maana kampuni imekuwa kubwa zaidi, lakini wafanyakazi wakilisikia kwa dereva wa mwekezaji hawatakuamini tena. Wadhamini wapewe notisi ya siku 30 kabla ya hisa mpya kutolewa, na kampuni yote ikiuzwa, hisa za wafanyakazi ziuzwe siku ile ile, kwa bei ile ile ya mwenye kampuni.