Kirikuu cha Mzee na Vitz yangu pale Mnara wa Saa

Neno la kwanza nililomwambia aliyenigonga lilikuwa "Shikamoo." Naye, mikono yote miwili bado iko kwenye usukani, akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyeamshwa ghafla. Ndipo tukashuka kuangalia magari.

Ilikuwa Agosti 2017, Arusha, saa moja na robo asubuhi, na kibaridi chetu kile ambacho kikichanganyika na manyunyu hata mwalimu anatamani shule ifungwe. Nilikuwa na Vitz ya kijivu, ya mkopo wa SACCOS, miezi saba tu mkononi. Nilitoka Njiro, nikapita Impala, nikaifuata Barabara ya Moshi ya Zamani hadi Mnara wa Saa. Wageni huonyeshwa mnara ule na kuambiwa kwamba hapo ndipo nusu ya safari kati ya Cape na Kairo, wakapiga picha. Sisi tunaopita kila siku tunakijua kile kipilefti, yaani mzunguko wa magari kuuzunguka mnara, kwa sababu nyingine: ukifika pale unavuta pumzi kwanza.

Nilisimama. Wa kulia kwako ambaye ameshaingia unamwachia, hilo hata kondakta wa daladala analijua, kulifuata ndiyo habari nyingine. Zikapita Noah mbili, ikapita bodaboda yenye abiria wawili na godoro. Halafu nikaona kirikuu cheupe, kile kigari kidogo cha mizigo, kikishuka kutoka Barabara ya Boma, kinazunguka polepole, indiketa ya kushoto inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kushoto kwake palikuwa ni barabara niliyotokea mimi. Nikasema moyoni, huyu anachepuka hapa. Nikaachia breki.

Hakuchepuka.

Mgongano wenyewe haukuwa na kishindo. Kilichopiga kelele ni keni tupu za maziwa nyuma ya kirikuu, zilizolia kama kengele za kanisa mbili zinazoshindana, hata wauza vinyago waliokuwa wanapanga bidhaa zao wakageuka. Kona yake ya mbele kushoto ilikuwa imeingia kati ya tairi langu la mbele na mlango wangu. Taa yake kubwa ilivunjika, indiketa ikasambaa chini vipande vipande vya rangi ya chungwa. Mlango wangu ulibonyea bonde ambalo ungeweza kuweka sahani.

Mzee alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, koti la kahawia, kofia ya sufu, mabuti ya mvua yenye kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kwenye kisigino. Aliitazama taa yake, akanitazama mimi.

"Pole, Mzee," nikasema. Halafu, kwa sababu nilikuwa natetemeka na kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, nikaongeza: "Samahani sana."

Kabla hajajibu, mahakama ilikuwa imeshakaa. Bodaboda sita hivi, mwenye kahawa na birika lake, kijana mmoja mwenye bangili za kuuza mkononi. "Dada umechomekea!" akasema wa kwanza. "Amechomekea kabisa," wa pili akaunga mkono, na huyu wa pili nilimwona kwa macho yangu akifika baada ya ajali. Nikasema alikuwa amewasha indiketa ya kushoto. Wakaenda kuitazama. Iko wapi? Ilikuwa chini, imesagika. Ile ya nyuma je? Mzee alikuwa ameshazima gari na kuchomoa ufunguo, hakuna kilichokuwa kinawaka. Niliinama nikaokota kipande kimoja cha ile plastiki, chenye mistari mistari kwa ndani, nikakitia mfukoni. Sijui nilidhani kitanisaidia nini.

"Binti yangu," Mzee akasema, akinivuta pembeni, "tumalizane. Nipe laki na nusu ninunue taa, kila mtu aende. Mimi maziwa ya jioni hayanisubiri."

Laki na nusu sikuwa nayo, lakini ningeweza kuipata kwa simu mbili. Nilichokataa hakikuwa bei. Mwezi wa tano nilikuwa nimelipa bima ndogo, laki moja na kumi na nane elfu, yaani laki na VAT yake, na stika ilikuwa pale kwenye kioo. Mwaka ule serikali ilikuwa imefuta leseni ya barabara na kuihamishia kwenye mafuta, kwa hiyo bima ndiyo iliyobaki kuwa gharama niliyoiona kwa macho, na iliniuma. Nikajiambia, hela yangu imekaa kule inalala, leo na ifanye kazi. Nikamwambia Mzee tumsubiri trafiki. Akakaa juu ya keni na kuomba kahawa ya mia.

Na magari hatukuyasogeza. Kwetu ukisogeza gari kabla halijapimwa umejimaliza mwenyewe. Foleni ikarudi hadi darajani, honi zikalia, dereva mmoja wa Coaster akatoa kichwa nje akatuuliza kama tunasubiri padri.

Trafiki aliyekuja alikuwa dada, nguo nyeupe imepigwa pasi hadi ina makali, na tepu ya kupimia kama ya fundi seremala. Hakuuliza nani mwenye kosa. Alimpa bodaboda mmoja ashike ncha ya tepu, akapima kutoka ukingo wa kipilefti hadi tairi la kirikuu, kutoka mstari wa kuingilia hadi tairi langu, akachora. Vioo vilivyovunjika navyo akaviwekea alama kwenye ramani. Kisha akanionyesha: kirikuu chote kilikuwa ndani ya mzunguko, Vitz yangu pua ndani, mkia nje.

"Mwalimu," akasema, alikuwa ameona beji yangu ya shule, "yeye alikuwa kulia kwako?"

"Ndiyo, lakini aliwasha indiketa ya kutoka."

"Akiwasha unamsubiri atoke. Akishatoka ndiyo unaingia."

Nilikuwa na mengi ya kusema, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la hilo.

Kituoni tuliandika maelezo, kila mmoja ya kwake. Mzee aliandika mistari minne, ninaikumbuka kwa sababu alinipa nimsomee, hakuwa na miwani. Wa mwisho ulisema: "Dereva wa gari dogo alikiri kosa kwa kuniomba samahani." Nikamwambia Mzee, ile ilikuwa pole tu. Akatikisa kichwa. "Pole ulinipa kwanza, nikaipokea. Samahani ukaileta baadaye peke yake." Alikuwa sahihi, na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Pole unampa hata mtu aliyejikwaa mbele yako njiani, hukumsukuma wewe. Samahani humwombi mtu usiyemkosea, labda unapita katikati ya watu waliokaa.

Nikaandikiwa faini ya elfu thelathini. Gari likakaguliwa na askari mwingine, tukajaziwa fomu ya ukaguzi. Mpaka siku ile fomu ya polisi niliyoijua ilikuwa PF3 ya majeruhi, na nilishukuru kwamba hiyo haikuhitajika.

Kijana aliyeniuzia bima nilimkuta ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Siku ya kuniuzia alikuwa amenipigia simu mara tano. Siku hii alinisikiliza huku anapanga stepla. Alichoniuliza kwanza hakikuwa kama nimeumia.

"Ulimwambia nini yule Mzee?"

Nikamweleza.

Akafungua ile karatasi ya mkataba niliyosaini mwezi wa tano bila kuisoma, ya Kiingereza tupu, herufi za kutafuta na kurunzi, akaweka kidole: mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo, asikubaliane na mtu bila idhini ya kampuni. "Ungemlipa pale pale tusingekurudishia hata mia," akasema. "Na hiyo samahani yako, ukijaza fomu usiiandike. Andika kilichotokea. Kosa waachie polisi waseme." Kisha akanieleza jambo ambalo hadi leo naliona la ajabu: karatasi watakayoitaka kuliko zote ni risiti ya ile faini, maana ndiyo inayoonyesha kwamba kosa ni langu. Bila kosa langu Mzee halipwi. Nilikuwa nimeikunja ovyo kwenye daftari la mahudhurio ya Kidato cha Pili B. Nilikwenda kuichomoa na kuinyoosha kwa rula.

"Na mlango wangu?" nikauliza.

"Mwalimu, wewe una bima ndogo. Bima ndogo ni ya yule uliyemgonga. Mlango wako ungetengenezwa na bima kubwa."

Hilo nililijua. Kulisikia likisemwa ukiwa na bonde mlangoni ni kitu kingine. Fundi wa kunyoosha na kupiga rangi alitaka laki mbili na ishirini, nikamwambia nitarudi. Mlango wa dereva ukawa haufunguki, kwa hiyo nikawa naingilia upande wa abiria, napanda juu ya gia nikiwa na sketi ya kazini, wanafunzi wamesimama mstarini wananiangalia kwa heshima kubwa mno.

Mzee naye akapeleka madai yake: makadirio ya gereji, kadi ya gari, leseni, nakala ya ramani, picha za kirikuu. Taa tisini na tano elfu, indiketa ishirini, kunyoosha na rangi sitini na tano. Laki na themanini jumla. Wiki ya kwanza ikapita. Ya tatu ikapita. Kila Jumatatu simu yangu ililia saa kumi na mbili asubuhi.

"Mwalimu, umeamkaje. Ile taa yangu?"

Nikipiga ofisini naambiwa mkaguzi wao bado. Mkaguzi alipopita, faili likaenda Dar. Lilipotoka Dar, sahihi moja ilikuwa inakosekana. Sisemi walinifanyia makusudi, nadhani kwao shilingi laki na themanini ni kama sisimizi kwenye gunia, nani atainama. Ila Mzee alikuwa anatoka kwake upande wa Tengeru alfajiri giza halijaisha, na kirikuu chenye jicho moja. Trafiki wa barabara kuu walishamsimamisha mara mbili kwa taa ambayo nimeivunja mimi. Faini ya kwanza aliomba akasamehewa. Ya pili hakusamehewa, na wala hakunidai, alinitajia tu katikati ya habari za ng'ombe aliyezaa.

Wiki ya sita nikamtumia laki moja na kumi na tano, bei ya taa na indiketa. Tulikubaliana ni mkopo, bima ikimlipa atanirudishia. Yule kijana wa bima sikumwambia. Kwa mujibu wa karatasi yake nadhani nilikuwa navunja kifungu. Mzee alinunua taa siku hiyo hiyo, za mtumba, na akanipigia ili niisikie ikiwashwa, kana kwamba taa ina mlio.

Malipo yalitoka wiki ya kumi na moja. Mkaguzi alikuwa amekata hapa na pale, taa isihesabiwe kama mpya kwa gari la umri ule, rangi ipungue. Ikabaki laki moja na nusu. Nilipoambiwa ile hesabu nilicheka peke yangu ofisini hadi mwalimu wa Hisabati akauliza kuna nini.

Siku mbili baadaye, jioni, Mzee akapiga.

"Mwalimu, nakutumia hela yako sasa hivi. Nimetoa elfu nane, nauli na chai, nilikwenda kwao mara nne."

"Sawa kabisa, Mzee. Ahsante."

"Halafu kuna kitu." Akanyamaza kidogo, nikasikia keni zikigongana nyuma yake. "Fundi alipofunga ile indiketa mpya, ikawaka yenyewe. Anasema kile kijiti cha kwenye usukani kimelegea, ukikiwasha hakirudi. Nami nakumbuka tangu mwaka juzi hakirudi, huwa nakirudisha kwa mkono. Siku ile nilitokea kona ya kule juu, sijui kama nilikirudisha."

Sikujibu upesi. Kile kipande cha rangi ya chungwa kilikuwa bado kwenye kikombe cha kalamu mezani kwangu, nilikuwa nimekihamisha kutoka mfuko wa sketi wiki ya kwanza na sijakitupa.

"Samahani, Mwalimu," akasema Mzee.

"Hapana, Mzee. Ulikuwa kulia kwangu."

"Kulia nilikuwepo, hilo kweli. Sasa turudi polisi wakaandike upya?"

Nikawaza ile tepu, ile ramani, faili lililokwenda Dar na kurudi, risiti niliyoinyoosha kwa rula.

"Hapana, Mzee. Kitengeneze tu hicho kijiti."

"Nitakitengeneza. Hebu angalia, hela imeingia?"

Nikaangalia. Ilikuwa imeingia, laki moja na saba elfu, na ya kutolea alikuwa ameweka.