Kicheko cha saa nane za usiku

Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo, kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko zote, na ambayo mimi mwenyewe nimeitamka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, ni hii: "Huyu ndivyo alivyo." Mtoto analia bila kukoma, ndivyo alivyo, anajipinda mgongo kama upinde, ndivyo alivyo, halali, anakataa uji, anajiuma mkono, na yote hayo hubebeshwa ugonjwa wa ubongo, faili likafungwa kabla hajapatikana mtu wa kuuliza kama kuna mahali panapomuuma.

Aliyenivua tabia hiyo ni mama mmoja aliyefika Jumatano moja akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miaka minane, mtoto asiyesema, asiyekaa bila kushikiliwa, na ambaye hulishwa kwa kijiko. "Sista," aliniambia, "leo siku ya nne anacheka usiku." Nilitabasamu, yeye hakutabasamu. Alinieleza kwamba kicheko hicho huanza kwenye saa nane, chumba kikiwa kimya na hakuna anayemchezesha, na kwamba kinapomjia miguu hukakamaa na kupishana kama mkasi, jasho humtoka puani, na macho huyakodoa darini. "Hiki si kicheko chake," alisema.

Watoto wa namna hii wanaweza kuonyesha maumivu kwa njia tusizozitarajia: mmoja hucheka, mwingine hunyamaza ghafla na kuganda, mwingine huanza kujipiga. Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, ilieleza wazi kwamba mtu kushindwa kusema hakuondoi uwezekano wa kuwa anaumia. Sisi wa wodini tulikuwa tukitumia kipimo kiitwacho FLACC, kilichotoka Marekani mwaka 1997, ambacho huangalia uso, miguu, mahangaiko ya mwili, kilio na kubembelezeka, kila kimoja alama 0 hadi 2. Kwa mtoto huyu kipimo hicho kilikosea pande zote mbili, kwa sababu miguu yake hukaza hata siku anapojisikia vizuri, hivyo hupata alama bure, ilhali anapoumia hucheka badala ya kulia, hivyo upande wa kilio hupata sifuri. Mwaka 2006 kipimo hicho kilirekebishwa ili mzazi aongeze dalili za mtoto wake mwenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo kilipoanza kufaa. Ipo pia orodha ya Kanada yenye tabia 30, ambayo humtaka mtazamaji amwangalie mtoto kwa saa mbili, na jumla ya alama 7 au zaidi huashiria maumivu. Saa mbili nizitoe wapi, foleni ikiwa imefika getini? Mama, hata hivyo, anazo, tena anazo usiku na mchana, na kwa hiyo nilimpa daftari.

Tukaanza kutafuta, kuanzia kichwani. Masikio yalikuwa safi. Meno tuliyakagua kwa tochi, kwa maana jino bovu kwa mtoto asiyeweza kulionyesha linaweza kumtesa kwa miezi. Tulipapasa mifupa yote, kwa sababu mifupa ya mtoto asiyesimama huwa dhaifu na inaweza kuvunjika hata wakati wa kumvisha nguo. Tulipofika tumboni nikauliza, "Mama, choo amepata lini mara ya mwisho?" Akahesabu kwa vidole: Jumatatu ya juma lililopita. Zilikuwa siku tisa.

Tulimpa dawa ya kulainisha choo, akafunguka, na kicheko kikapungua, lakini hakikuisha. Nisingeona zaidi kama mama asingembadilisha nepi mbele yangu wiki iliyofuata. Alipoinua mguu wa kulia, mtoto alitulia. Alipoushika wa kushoto na kuutanua, nilimwona akivuta pumzi na kuizuia, midomo ikajikunja, na kile kicheko kikatoka. Picha ya eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kutoka kwenye kikombe cha nyonga, kikivutwa na misuli ya ndani ya paja iliyokaza kwa miaka. Utafiti wa jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta nyonga zimehama kwa watoto 35 kati ya kila 100 wenye mtindio wa ubongo, na kwa wale wenye ulemavu mzito kabisa, wasioweza kukaa wenyewe, walikuwa 90. Kwa nini basi nyonga haikuwa jambo la kwanza kuangaliwa? Sina jibu la kujitetea.

Kuhusu dawa, nitasema jambo moja linalonikera: kumlaza mtoto kwa diazepamu na kudhani tumemtuliza maumivu. Diazepamu hulegeza misuli na huleta usingizi, na ina mahali pake, lakini haichukui nafasi ya parasetamo ya miligramu 15 kwa kila kilo, isiyozidi mara nne kwa siku, wala ya mofini pale maumivu yanapokuwa makali. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliiondoa kwa watoto kodeini, dawa ya maumivu iliyokuwa ngazi ya katikati kati ya parasetamo na mofini. Majirani zetu wa Uganda wameruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini ya kunywa, wakati huku bado nakutana na wenzangu wanaoiogopa kuliko wanavyoyaogopa maumivu yenyewe. Na wapo watoto ambao kila kitu kimepimwa na hakuna kilichoonekana, lakini kila wakilishwa wanajipinda. Kwao neva za tumbo huweza kupokea kujaa kwa kawaida kama maumivu, na gabapentini, dawa ya kutuliza neva, ikianzwa kidogo kidogo huku daftari likijazwa, huwasaidia baadhi yao.

Mtoto wetu anasubiri upasuaji. Kwa sasa mama hukunja kanga mara nne na kuiweka katikati ya mapaja ya mtoto anapolala, na siku za mazoezi humpa parasetamo nusu saa kabla ya kutoka nyumbani. Katika daftari, safu ya saa nane za usiku ina usiku sita mfululizo usioandikwa kitu, na wa saba umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mguu wa kushoto. Dakika kumi."