Siku moja maishani mwangu: barua pepe zilipokataliwa kila mlango

Saa 1:30 asubuhi
Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa kampuni yetu. Bado niko kwenye daladala, dada wa idara ya nyaraka ameshanitumia ujumbe: “Kaka, mteja wa Lubumbashi hajapata hata barua moja ya jana jioni.” Namuuliza kama zinazoingia anazipata. Anazipata. Basi seva, kompyuta inayopokea na kutuma barua zetu, iko hai na diski haijajaa. Tatizo liko kwenye zinazotoka.

Kampuni yetu inatoa mizigo Bandari ya Dar es Salaam kwa wateja wa Zambia, Kongo na Burundi. Nyaraka zikichelewa kontena linalala bandarini, na kila siku linalolala linalipiwa. Ndiyo maana barua pepe iliyokwama naihesabu kama mzigo uliokwama.

Saa 2:10
Naandika mailq, amri inayoonyesha foleni ya barua zinazosubiri kutoka. Seva yetu inatumia Postfix, programu ya kusafirisha barua pepe, na asubuhi ya kawaida foleni yake ina barua chache tu. Leo skrini inateremka bila kusimama. Mtumaji ni mmoja, anwani ya kijana wa mauzo, na wapokeaji ni watu wa nchi ambazo hatujawahi kufanya nazo biashara.

Mafundi wengi hapa hukimbilia kuzima na kuwasha seva. Haisaidii. Foleni ya Postfix imehifadhiwa diskini, kwa hiyo seva ikiamka inaendelea palepale ilipoachia. Mimi nasoma logi kwanza, yaani kumbukumbu za kila kilichotokea kwenye seva, kwa sababu seva ya upande wa pili karibu kila mara huandika sababu ya kukataa. Jibu linaloanza na 4 maana yake rudi baadaye, na Postfix itajaribu tena yenyewe, kwa kawaida hadi siku 5. Linaloanza na 5 ni hapana ya moja kwa moja: barua inarudishwa kwa aliyeituma.

Majibu mengi tuliyopata ni 550, na ndani yake limetajwa jina la Spamhaus pamoja na anwani yetu ya IP, namba inayoitambulisha seva yetu mtandaoni. Spamhaus ni shirika linaloweka orodha ya watuma spamu, yaani barua taka, nasi tumeingizwa humo. Napanda juu kidogo kwenye logi, kwenye mistari ya sasl_username, inayoonyesha nani ameingia kutuma barua: akaunti ya yule kijana imeingiwa usiku kucha kutoka nchi mbalimbali. Nywila imeibwa.

Saa 2:40
Nabadilisha nywila, nakata miunganisho iliyo wazi, kisha naifuata foleni. Ipo amri ya kufuta kila kitu kwa mkupuo, lakini humo kuna nyaraka halali za wateja. Nachambua kwa jina la mtumaji na kufuta zake tu, za usiku.

Namfuata kijana mezani kwake. Juzi alipata barua inayosema sanduku lake limejaa, abonyeze kiungo aingie upya. Alibonyeza. Simgombezi, maana mtu akigombezwa mbele ya wenzake, siku nyingine ataficha, nasi tutachelewa kujua.

Saa 4:00
Sasa ndipo naomba Spamhaus watuondoe. Ukiomba kabla hujaziba tundu utarudishwa kwenye orodha haraka. Na kuondolewa hakulipiwi. Anayekudai pesa kwa kazi hiyo ni tapeli.

Dada wa nyaraka anauliza kama atumie anwani yake binafsi kwa leo. Namwomba asifanye hivyo. Matapeli huwaandikia wateja kwa anwani inayofanana na ya kampuni, wakiwapa akaunti mpya ya benki ya kulipia. Mteja akizoea kupokea nyaraka zetu kutoka popote, siku tapeli akimwandikia hatashtuka. Anampigia simu mteja, anamweleza, na kumtumia nakala kwa WhatsApp.

Saa 7:00 mchana
Wali maharage, haraka.

Saa 8:15
Barua nyingi zinatoka, ila Gmail bado inatujibu 421: tunatuma kwa kasi isiyo ya kawaida. Mkurugenzi anashangaa, kwani SPF, DKIM na DMARC, rekodi za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli, zote tuliziweka tangu Google walipokaza masharti Februari 2024. Namweleza jambo ambalo natamani kila kampuni ilijue. Rekodi hizo humzuia mtu wa nje asijifanye sisi. Mwizi huyu ameingia kwa ufunguo wetu, kwa hiyo spamu yake imetoka na sahihi yetu halali, na lawama zote zimeangukia jina letu.

Kwa Gmail dawa ni subira. Kulazimisha foleni itoke upya kila dakika kunazidisha shaka yao. Napunguza kasi ya kutuma kwenda huko, naiacha Postfix irudie kwa vipindi vyake.

Saa 9:30
Napita idara kwa idara. Barua zilizokataliwa kwa 550 hazitajirudia zenyewe. Mwenyewe lazima atume upya. Wengi walikuwa wamefuta zile za MAILER-DAEMON, taarifa za seva kwamba barua imekataliwa, wakidhani ni takataka, kumbe ndizo zenye sababu. Nawaomba wasizifute tena kabla hawajanionyesha.

Saa 10:40 jioni
Barua ya Lubumbashi: logi inasema status=sent, 250, yaani imetumwa na kupokelewa. Hiyo inathibitisha kwamba seva yao imeipokea, haithibitishi kwamba mtu ameiona, hivyo dada anapiga simu. Mteja anayo.

Mkurugenzi ameridhia kikomo cha barua kwa saa kwa kila akaunti, na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kwa wote, kuanzia yeye. Kikomo nakiweka leo kabla ya kutoka, pamoja na tahadhari itakayoniamsha kwa simu foleni ikipita barua 200. Hatua mbili tunaanza kesho saa 2, idara ya mauzo kwanza.