Siku Tuliyoipima DX

Kijana wa spea alikuwa na jibu moja kwa kila swali: "Zitaingia." Nikimuuliza kama matundu yanalingana na studi za Corolla, zile bolti zinazoshika gurudumu, zitaingia. Nikimuuliza kama hazitasugua, zitaingia, na zikisugua utatia speza, kile kipande cha kulisogeza gurudumu nje. Rimu zenyewe zilitamanisha kweli: aloi za inchi 15, upana inchi 7, zimeegemezwa ukutani dukani kwake karibu na Makupa, vumbi la kontena bado halijafutwa. Nyuma ya moja palipigwa mhuri: 15x7J, ET38.

Gari langu lilikuwa DX, Corolla KE70 ya mwaka 1983, injini ya 4K, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yaliyozidi miaka minane, kwa hivyo DX zilizoko ndizo hizo hizo, zimepita mikono mingi na kila mkono umefanya lake. Yangu mmoja wa waliotangulia aliishusha kwa kukata springi za nyuma kwa msumeno. Fenda ya nyuma ya kulia iligongwa ikanyooshwa, na hewa ya chumvi ya Mombasa ilishaanza kula milango kutoka chini. Nililinunua mwaka 2013 nilifufue pole pole, na kama wenzangu wengi, nilitaka kuanza na kile kitakachoonekana barabarani.

Ami alikataa. Yeye ni mdogo wake baba, na maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa mitambo bandarini. "Kaazime moja," akaniambia. "Si nne, moja. Halafu njoo tulipime gari, maana rimu imeshapimwa na aliyeitengeneza."

Nikaacha kitambulisho dukani, nikaondoka na rimu moja.

Studi nne hazisumbui. Unapima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo, basi. Tulipata milimita 114.3, yaani inchi nne na nusu, na rimu nayo ikasoma hivyo hivyo. Hapo kijana wa spea alisema kweli. Kilichofuata ni tundu la katikati. Pua ya habu ya DX, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, ni milimita 60.1, tundu la ile rimu lilikuwa 66.1, kipimo cha Nissan. Rimu ya namna hiyo haikalii habu, inabebwa na studi peke yake, na usipoikaza kwa uangalifu inakaa pembeni kidogo na usukani unatetemeka ukishika mwendo. Ami hakushtuka. "Hiyo ni kazi ya pete ya kujaza nafasi," akasema, akaendelea.

Mzozo ulikuwa kwenye ET. Namba ile ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikiwa ndogo, linatoka nje. Magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele kwa kawaida huwa na ET kubwa, na 38 ni mojawapo. Tairi ya 195/50 kwenye rimu ya inchi 7 hutanuka hadi kama milimita 206. Gawa kwa mbili, jumlisha 38: ndani ingeingia milimita 141. Ami aliweka kipande cha alumini ya dirisha kwenye uso wa habu ya mbele, akapima hadi kikombe cha springi cha shokabu. Milimita 125.

"Na speza?" nikauliza, kwa niaba ya kijana wa spea.

Alichukua nati, akaizungusha kwenye studi huku akihesabu kwa sauti. Studi ya DX ni ya milimita 12, na nyuzi zake zimepishana kwa milimita moja na nusu. Nati inatakiwa ishike kina kisichopungua unene wa studi, yaani mizunguko minane. Tia speza ya milimita 25 juu ya studi za kiwandani uone kama utapata hata miwili. Mimi hadi leo nikiona gari limetolewa magurudumu nje kwa speza za kuchomeka tu, namwachia nafasi barabarani.

Sehemu ya nyuma ndiyo iliyotumaliza mchana. Jirani alikuwa anajenga, kwa hivyo Ami akaazima kwake timazi na mpira wa maji. Kwanza akausawazisha ua mzima: mpira umejaa maji, ncha moja mimi, ncha nyingine yeye, vipande vya mbao chini ya tairi mpaka maji yakalingana. Kisha akatundika timazi kwenye ukingo wa fenda, juu kabisa ya tao la gurudumu, risasi yake ikatulia karibu na sakafu. Gurudumu likatolewa, gari likiwa bado na uzito wake juu ya ekseli. Kutoka uzi hadi uso wa ngoma ya breki: kushoto milimita 95, kulia 105.

Nililaumu ile fenda iliyonyooshwa. Nikasema fundi wa bodi aliivuta nje kupita kiasi. Ami akalala chini, akapima kutoka kwenye chesisi hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia. Sawa sawa. Fenda haikuwa na hatia.

"Njoo uone huyu," akaita kutoka chini ya gari.

Alikuwa ameshika ile fimbo ya chuma inayokwenda upande kwa upande, ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye ekseli, kazi yake kuizuia ekseli isitembee kushoto wala kulia. Kiwandani huwekwa ikiwa imeinama kidogo. Bodi ikishushwa, fimbo inalala zaidi, na ikilala inafika mbali zaidi. Ekseli haina budi kusukumwa. Yetu ilisogea milimita tano kwenda kushoto, ndiyo maana tofauti ilikuwa kumi. Jedwali za vipimo kwenye intaneti, ambazo nilikuwa nimezikariri, zote zinazungumzia DX iliyotoka kiwandani jana.

Fundi wa kukereza akatutengenezea kipande cha kati chenye nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, fimbo ikakatwa, ikaungwa. Ukikizungusha, fimbo inarefuka au inafupika. Tukaifupisha mpaka timazi ikasema 100 na 100.

Rimu ya inchi 15 ilirudi dukani, kitambulisho changu nikakipata. Tulichokuwa tunatafuta sasa tulikijua kwa namba: inchi 14 kwa 6, ET karibu na 10. Zilipatikana kwenye Carina kuukuu ya kusukuma nyuma iliyokuwa ikikatwa spea. Tairi zikawa 185/60, ambazo kipenyo chake ni milimita 578 dhidi ya 575 za zile 175/70 za inchi 13 nilizokuwa nazo, kwa hivyo saa ya mwendo haikudanganyika. Kabla ya kufunga, Ami alimwomba mkewe donge la unga wa chapati, akalibandika juu ya kalipa ya breki, akaivika rimu, akaizungusha, akaitoa. Unga ulibaki na unene wa milimita nne. Akatoa springi, akainua kila upande kwa jeki hadi ukagusa raba ya kuzuia, mimi nikikata usukani mwisho kulia, mwisho kushoto. Hapakuwa na msuguo wowote.

Pesa alikataa, akachukua zile tairi za inchi 13 na rimu zake kwa ajili ya mkokoteni wa shemeji yake. Akanikabidhi wili spana. "Nenda mpaka Mtwapa, simama, kaza tena. Rimu mpya hukaa vizuri baada ya kutembea."

Nilisimama Mtwapa, kando ya wauza madafu. Nati za nyuma hazikusogea. Mbele kushoto, mbili zilikubali robo mzunguko.