Doa chini ya mdomo: nilivyoachana na ugoro

Nilibwia ugoro miaka tisa. Nilianzia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ambako saa kumi alfajiri usingizi unakukaba, mwenzako anakumwagia kidogo kiganjani, unaubana mdomo wa chini, kichwa kinachangamka. Kwa kuwa sikuvuta sigara nilijiona salama. Moshi hauingii kifuani, saratani itanipata wapi?

Jino ndilo lililonipeleka kwa daktari wa meno, Mbagala. Alipovuta mdomo wangu ili achome sindano ya ganzi, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kaka, unatumia ugoro?" Akanipa kioo. Pale pale ninapoubana palikuwa peupe, pamekunjamana kama kidole kilicholowa maji. Hapakuwahi kuuma hata siku moja, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Hospitali ya Muhimbili walikata kinyama wakapime. Siku za kusubiri majibu sikulala. Haikuwa saratani, ila chembe hai (seli) za pale zilikuwa zimeanza kubadilika. Daktari akanieleza kwamba sumu imo ndani ya tumbaku yenyewe, iwashwe isiwashwe, na doa kama langu linaweza kugeuka saratani. Niache, na niwe narudi kuangaliwa. Pombe nayo niliiacha, maana ikikutana na tumbaku hatari huzidi.

Siku tatu za kwanza arosto, yale mateso ya kukosa ugoro, ilinitesa: kichwa kinagonga, hasira zisizo na mwenyewe. Nilimfokea mama watoto kwa ajili ya chumvi, nikamwomba radhi usiku uleule. Kilichonisaidia ni karanga mfukoni, chai ya tangawizi, na kuhama kijiwe. Nilipokuwa nakaa ndipo muuza ugoro anapopitia, na sikuwa na ubavu wa kumkatalia kila asubuhi. Wiki ya tatu, usiku dagaa walipoingia kwa wingi, niliteleza. Nikatema, nikaanza kuhesabu siku upya.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Doa limefifia, kliniki bado nakwenda. Pale Feri nawamulika wenzangu midomo kwa tochi ya simu, na nawaambia kidonda kikipita wiki mbili bila kupona wasingoje kiume. Mmoja alikuwa na kidonda pembeni mwa ulimi tangu kabla ya Ramadhani. Jumatatu nilimsindikiza mwenyewe hospitali. Tunasubiri majibu yake.