Jumamosi yangu ni ya maktaba

Jamaa zangu wa Tanga wakiniuliza Jumamosi nashinda wapi huku Jinja, Uganda, wanategemea nitaje Mto Nile. Nile naupita kila siku nikienda kazini Njeru, nimeuzoea. Jumamosi nashinda maktaba ya umma: chumba kimoja kirefu, feni moja, na viti vya kila aina.

Wazee ndio hufika kwanza, saa tatu. Rafu hawazigusi, wanataka magazeti. Anayewahi Bukedde, gazeti la Kiganda, halitoi mkononi mpaka amalize matangazo. Halafu kila anayeingia lazima asalimie chumba kizima, na salamu za huku hazikatishwi njiani, basi kimya chenyewe hatukipati mpaka saa nne.

Hapo wanafunzi wanaanza kumiminika. Muhula wa tatu ndio usiseme, maana mitihani ya taifa ya UNEB inabisha hodi: watoto wa S4 na S6, yaani sekondari mwaka wa nne na wa sita, wanajaza viti, wengine wanakaa sakafuni na makaratasi ya mitihani iliyopita. Kitabu cha kuazima wachache sana wanakiulizia. Wamefuata meza, mwanga, na mahali ambapo hakuna wa kuwatuma dukani.

Kwetu Tanzania maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Huku, tangu madaraka yagatuliwe mwaka 1997, maktaba za umma ziko mikononi mwa serikali za mitaa, zinagombania fungu na barabara na zahanati. Matokeo yake yako kwenye rafu: vitabu vingi ni vya msaada, vizuri tu, ila mtoto wa huku kwetu Busoga anasoma habari za theluji.

Rafu ya Kiswahili ndiyo inayonisikitisha. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Agizo limefika, vitabu bado. Hapa tuna kamusi moja isiyo na jalada na riwaya chache zilizochakaa, na baada ya chakula cha mchana kamusi ya pili huwa ni mimi.

“Ssebo, hizi ngeli zote nyinyi mnazikumbukaje?” binti mmoja aliniuliza.

“Hatuzikumbuki, mwanangu. Tunaongea tu.”

Hakuridhika, na mtihani wake hautaki jibu kama hilo, ikabidi tukae tuzipange moja moja. Mzee mmoja wa magazeti akinisikia hunipigia saluti: “Afande!” Kwa rika lake Kiswahili ni cha kambini, cha askari wa vizuizini enzi za Amin. Ananitania, lakini siku hizi anamleta mjukuu wake.

Sasa nyinyi mlio nyumbani: vitabu vya Kiswahili vya shule ambavyo watoto wenu wamemaliza, msiwauzie wafunga karanga. Mabasi ya Nairobi kwenda Kampala yanapita hapa Jinja, na mzigo nitaupokea mwenyewe. Kamusi zitangulie.